Akwaponiki nyuma ya nyumba: kabla ya kuchagua samaki, jua maji ya kwako yanamwagikia mto gani

Wadau, naona siku hizi watu wengi wanajenga akwaponiki nyuma ya nyumba, Dar, Morogoro, Arusha, Mombasa, kila mahali, na swali la kwanza ni lile lile, niweke samaki gani. Jibu linalokuja haraka ni sato, yule tilapia wa Nile. Sato ni samaki mzuri, sikatai, ila kuna kitu kinarukwa kila mara na mimi kinaniuma sana, nacho ni kwamba samaki unayemweka kwenye tenki leo, kuna siku atatoka. Masika yatajaza tenki lifurike, bomba litachomoka usiku umelala, mtoto atabeba wawili kwenye kopo akawaachie mtaroni, au wewe mwenyewe utahama nyumba na hujui uwapeleke wapi. Kwa hiyo mimi nashauri uchague kwa kuanzia hapo. Akitoka ataingia mto gani, na huko mtoni anamkuta nani.

Kwa ambaye ni mgeni na hii kitu, akwaponiki ni kufuga samaki na kulima mboga kwa maji yale yale. Samaki anakula, anatoa amonia, bakteria wanaoishi kwenye kokoto zilizopandwa mboga wanaigeuza amonia kuwa naitraiti kisha naitreti, mboga zinakunywa hiyo naitreti, maji yanarudi kwa samaki yakiwa safi. Pampu moja ndogo inazungusha kila kitu. Mfumo mpya unahitaji kama wiki nne mpaka sita bakteria wakae sawa kwenye joto letu, na kama unatumia maji ya bomba yaache wazi siku moja au mbili klorini itoke, manake klorini inaua bakteria na inachoma matamvua ya samaki. Haya mengine yanaelezwa vizuri na watu wengi, mimi nataka tukae kwenye samaki.

Tuanze na huyo sato. Watu wanamuita sato wa Ziwa Victoria, lakini hata kule Victoria yeye ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950, kipindi kile kile sangara naye alipoingizwa. Perege, yaani tilapia, wa asili wa ziwa walikuwa ngege na mbiru. Leo ngege ni wa kutafuta kwa tochi, amebaki zaidi kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli kule Kenya, na furu, wale samaki wadogo ambao walikuwepo mamia ya aina, wengi wamepotea kabisa. Sangara ndiye anatajwa sana kwa sababu anakula wenzake, ila sato alimbana ngege kimya kimya. Walishindania chakula, walishindania sehemu za kuzalia, na sato ana tabia ya kuzaana na perege wa aina nyingine, watoto wanatoka machotara, vizazi vikienda unakuta yule wa asili hayupo tena ingawa samaki wapo tele majini.

Na hii ndo inatuhusu sisi wa nyuma ya nyumba, kwa sababu Tanzania hatuna perege mmoja. Kila bonde lina wake. Rufiji, Kilombero na Ruvu kuna Oreochromis urolepis, Wami kuna ndugu yake wa karibu kabisa anaitwa hornorum, Pangani kuna wa kwake na Ziwa Jipe wamo humo humo, Korogwe kuna aliyepewa jina la mji, Rukwa wa kwake, Nyasa kuna akina chambo, na Ziwa Chala pale mpakani na Kenya kuna mmoja, hunteri, ambaye dunia nzima anapatikana ziwa hilo tu na ni ziwa dogo. Wengine kati ya hawa wako kwenye hatari kubwa ya kutoweka. Sasa mtu wa Taveta au Rombo akiletewa vifaranga vya sato kwenye mfuko wa plastiki wenye hewa na tenki lake likafurika kuelekea huko, uharibifu wake hauna wa kuurekebisha, hakuna nyavu ya kumtoa sato akishaingia.

Halafu wanaingia kirahisi mno. Jike wa sato anaatamia mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa bado wanakimbilia mdomoni wakiogopa. Jike mmoja akitoka amebeba, umetoa mamia. Na kwenye tenki wanaanza kuzaa wadogo sana, miezi mitatu minne tu, samaki wa gramu 30 au 50 tayari ni mama.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu wa Dar, Kibaha, Bagamoyo au Morogoro, mimi namwambia atafute perege wa hapa hapa kwanza. Ndiyo, anakua taratibu kuliko sato aliyechaguliwa na kituo cha kuzalishia, hilo lazima useme ukweli, kama unafuga kibiashara na mabwawa kumi hesabu zako ni nyingine na kibali chako ni kingine. Lakini wewe una tenki moja la lita 1000 na mchicha, unataka kitoweo cha nyumbani na mboga, perege wa gramu 200 au 250 anaingia kwenye sahani mzima mzima na ndiyo saizi ambayo familia nyingi zinapenda. Na ana faida moja ambayo watu wa Dar wataipenda, huyu wa kwetu anavumilia chumvi vizuri. Visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi chumvi, kwa samaki huyu si tatizo, tatizo litakuwa kwa saladi na nyanya, ukiwa na maji hayo panda mchicha au spinachi ambazo zinavumilia kidogo. Huyu wa Wami alishawahi kupelekwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar akafika mpaka Malacca huko Malaysia, ambako mwaka 1960 mtaalamu Hickling alitangaza kwamba dume wa huyu samaki akipandishwa kwa jike wa perege wa Msumbiji, watoto wote wanatoka madume. Ulimwengu wa ufugaji wa tilapia ulijifunza jambo kubwa kutoka kwa samaki wa mto Wami, na sisi tunaoishi pembeni ya mto tunamuona hana maana.

Utamjuaje kama ni sato au perege wa kwetu? Angalia mkia. Mnyanyue samaki kwenye mwanga, tandaza pezi la mkia kwa vidole taratibu. Sato mkia wake una mistari myembamba ya wima, imepangika vizuri kutoka mwanzo wa mkia mpaka mwisho. Perege wa Ruvu na Wami hana mistari iliyopangika hivyo, na dume mkubwa wakati wa kuzaliana anakuwa mweusi na ukingo wa pezi la mgongoni na wa mkia unakuwa mwekundu. Ukikuta mistari ipo nusu nusu, imekatika katika, inawezekana ni chotara, na kusema kweli machotara wameshakuwa wengi kwenye mito yetu kwa sababu sato amepandikizwa kwenye mabwawa na malambo kwa miaka mingi sana. Samaki wa hivyo usimuongezee nafasi. Kama hutaki kukosea, ulizia kituo cha ufugaji samaki Kingolwira pale Morogoro au SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), au afisa uvuvi wa halmashauri yako, waulize moja kwa moja hivi vifaranga ni aina gani na wazazi wake walitoka wapi. Muuzaji ambaye jibu lake ni "ni tilapia tu" mimi simnunulii.

Kama sehemu yako sato ameshajaa mtoni miaka mingi, mfano uko Mwanza au Kisumu, au uko bonde la Ziwa Tanganyika ambako sato ni mwenyeji wa asili, basi fuga sato bila wasiwasi. Na kama unaishi sehemu ambayo bado hayupo lakini umeng'ang'ania sato, basi angalau nunua vifaranga vya madume tupu. Vituo vinawalisha watoto homoni ya kiume kwenye chakula kwa wiki tatu mpaka nne za mwanzo, karibu wote wanakuwa madume. Karibu wote, si wote, wawili watatu majike hawakosekani, ndo maana lazima uwakague mwenyewe.

Kukagua si kazi ngumu. Subiri wafike gramu 30 mpaka 50, kama urefu wa kiganja hivi. Lowesha mikono kwanza usimtoe ute wake, mshike tumbo likiwa juu, nyuma ya tundu la haja utaona kichuchu kidogo kimechomoza. Chukua pamba ya kwenye kijiti, chovya GV ile ya rangi ya zambarau ya duka la dawa, pakaa kidogo sana halafu futa. Rangi inabaki kwenye matundu. Dume atakuonyesha matundu mawili, la haja na lile la kwenye ncha ya kichuchu. Jike ana matatu, na lile la katikati ni kamstari kamelala kwa upana, GV ikiingia pale kanaonekana wazi kabisa. Majike weka pembeni kwenye beseni, wakifika saizi ya kula kula. Ukikagua kumi wa mwanzo utakuwa mzito, baada ya hapo mkono unazoea.

Sasa kambale. Mimi kambale nampenda sana kwa nyuma ya nyumba na naona hapewi haki yake. Huyu Clarias gariepinus ni mwenyeji wa karibu mito na mabwawa yote ya Afrika Mashariki, akitoka anakuta ndugu zake. Anavuta hewa ya juu ya maji, kwa hiyo umeme ukikatika usiku na pampu ikasimama, sato na perege utawakuta asubuhi wanahema juu ya maji au wameshaelea, kambale unamkuta mzima. Kwa sisi ambao umeme wetu tunaujua, hii peke yake inatosha kumfikiria. Kwa miezi sita hivi ukimlisha vizuri anafika nusu kilo na zaidi. Ubaya wake ni kwamba wanakulana, lazima uwapange kwa saizi kila wiki mbili wakiwa wadogo, mkubwa akimzidi mwenzie kidogo tu anamla. Na uchafu wake ni mwingi, maji yanakuwa kahawia, utahitaji ndoo au pipa la kuchujia uchafu mzito kabla maji hayajafika kwenye kokoto, la sivyo kokoto zinaziba na kutoa harufu. Na anaruka, na akiruka anatambaa, funika tenki na wavu uufunge kwa waya sio kuuweka juu juu. Kitu kingine, jua majirani utakaowauzia ni akina nani, Wasabato hawali samaki asiye na magamba, na kuna familia nyingine nazo hazimtaki, ulizia kwanza ndo uweke kambale 60.

Neno moja kwa wa milimani, Usambara, Uluguru na kwingine, kuna vijito vya juu vidogo ambavyo kambale hajawahi kufika. Huko hata kambale ni mgeni. Kanuni haibadiliki, angalia mto wako.

Wa baridi kama Njombe na Mbeya mnapata shida na perege, maji yakishuka chini ya nyuzi 20 anakula kidogo sana na ukuaji unasimama, anataka 27 mpaka 30. Weka tenki ndani ya banda la nailoni, au kubali kuvuna kwa mwaka badala ya miezi. Trauti achana naye, anataka maji baridi yenye hewa nyingi yanayotembea, tenki la nyuma ya nyumba halimfai na yeye mwenyewe ni mgeni aliyeletwa na wakoloni.

Sangara usimuweke. Kuna watu wanauliza kila wakati. Anataka maji mengi na hewa nyingi, anakula samaki, na historia yake mnaijua.

Kapu (carp) na koi, hapa nataka tukae kidogo. Koi anapendwa kwa rangi na kwenye akwaponiki anakaa vizuri kabisa, anavumilia. Lakini koi ni kapu tu wa rangi. Kule Naivasha kapu alianza kuonekana ziwani karibu mwaka 2001, inaaminika walitoroka kwenye mabwawa ya kufugia juu ya mto na wakashuka na maji ya mafuriko. Ndani ya miaka michache wakawa ndo samaki wengi kwenye nyavu za wavuvi wa pale. Wavuvi wanapata cha kuuza ndiyo, lakini kapu anachimba tope akitafuta chakula, maji yanachafuka, mimea ya chini haipati mwanga. Na Naivasha hiyo hiyo ndo waliingia krefishi, wale kamba wa maji baridi wenye makucha, waliwekwa 1970 kwa makusudi ya biashara, wakala mimea ya ziwani. Siku hizi naona watu wanatangaza krefishi wa Australia kuwa wanafaa kwenye akwaponiki. Hao wameshaingia Kariba, Zambia na Zimbabwe. Anatembea nchi kavu usiku kama kuna unyevu, huwezi kumzuia kwa wavu wa juu tu. Kuingiza samaki au viumbe hai wa majini kutoka nje ya nchi bila kibali ni kosa, afisa uvuvi atakwambia utaratibu, na ukiona mtu anawauza kwenye mitandao kirahisi rahisi jiulize wamepitia wapi.

Na sio samaki tu jamani. Magugu maji yanauzwa kama ua la bwawani, maua yake ni mazuri ya zambarau, na yaliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 mpaka leo tunahangaika nayo. Usiyaweke hata kwenye beseni. Azola na vijani vile vidogo vinavyoelea ambavyo watu wanalishia samaki, viangalie, chukua vilivyopo jirani yako na usivisafirishe. Konokono nao wanakuja na mimea, yule mkubwa mwenye mayai ya pinki alikutwa mashamba ya mpunga Mwea kule Kenya mwaka 2020, mayai yake yanagandishwa juu ya maji kwenye shina au ukuta, ukiyaona yakwangue uyaponde na utoe taarifa kwa afisa kilimo.

Tukija kwenye kuzuia wasitoke, sehemu inayovuja ni bomba la kufurikia. Watu wanaweka wavu mdogo mdomoni mwa bomba, majani na mabaki ya chakula yanauziba, maji yanapanda yanamwagikia kwenye ukingo wa tenki na samaki wanaenda nayo. Yaani wavu wenyewe ndo unasababisha. Fanya hivi, chukua bomba la PVC la inchi 4, kipande cha nusu mita hivi, litoboe matundu mengi pande zote, ziba chini, lizungushie chandarua uifunge kwa vifungo vya plastiki (zip tie), halafu bomba lako la kufurikia likae ndani yake. Eneo la kuchuja linakuwa kubwa, haliwezi kuziba lote mara moja, kitoto cha perege cha sentimita moja hakipiti. Kila wiki lisugue. Maji yanayotoka yapeleke kwenye shimo la migomba au mapapai, yaishie ardhini, yasiende kwenye mtaro wa barabarani hata kidogo. Na kama unaishi sehemu ambazo mto unaingia uani, wenzetu wa pembeni ya Msimbazi mnanielewa, nyanyua tenki juu ya alama ya mafuriko yaliyopita, ikishindikana basi fuga mwenyeji tu, hakuna namna nyingine.

Vifaranga wapya wasiingie moja kwa moja. Waweke kwenye beseni au tenki lao wiki mbili mpaka tatu, kuna virusi vya tilapia ambavyo vimeshakutwa Ziwa Victoria na havina dawa, na minyoo ya matamvua ni ya kawaida. Unaweza kuwaogesha kwenye maji ya chumvi, gramu 10 kwa lita, dakika kumi hivi, ukiona mmoja analala ubavu watoe wote. Hiyo chumvi ifanyike pembeni, isiingie kwenye mboga. Na yale maji ya mfuko waliokuja nayo usiyamwage kwenye mfumo wala mtaroni, mwaga kwenye udongo mkavu mbali na maji.

Idadi: kwa mfugaji mdogo usizidi kilo 20 za samaki kwenye lita 1000, na anayeanza afanye nusu yake. Kilo 10 za samaki wakubwa kidogo ukiwapa chakula asilimia 1.5 ya uzito wao ni gramu 150 kwa siku, na mboga za majani zinataka gramu 40 mpaka 50 za chakula cha samaki kwa kila mita ya mraba kwa siku, kwa hiyo hapo unalisha kama mita tatu za mchicha na chainizi. Perege zikibana kwenye tenki zinadumaa na kuzaana, ndo unapata tenki lenye vidagaa mia tatu visivyoliwa, na hapo ndipo mtu anaanza kufikiria kuvipeleka mtoni "vikakue". Visipelekwe. Vipe kuku.

Mlioko nje nanyi msiibebe hii kama ilivyo. Kambale ambaye kwetu nasema ni salama, Marekani familia yake yote iko kwenye orodha ya viumbe hatari na kumuingiza bila kibali ni kosa la serikali kuu. Tilapia kule kila jimbo lina sheria yake. Australia kwenye majimbo kama Queensland tilapia haruhusiwi kufugwa kabisa, na watu wa akwaponiki wa kule wanafuga jade perch na silver perch ambao ni wenyeji wao, na mboga zao zinaota vizuri tu.

Na siku ukiamua kufunga mradi, vua wote. Barafu nyingi kwenye ndoo ya maji inawatuliza haraka na nyama inabaki nzuri, kula, gawia majirani wakiwa wamekufa sio wakiwa hai kwenye kopo. Maji yote mwagia shamba. Kokoto na mabomba yaanike juani wiki nzima mpaka yakauke kabisa ndani, maana mayai ya konokono na vipande vya azola vinangoja unyevu tu, kisha ndo umuuzie mwingine tenki.